Karatasi Yenye Mafuta ya Sambaza

Mpaka leo, mtu akinipa sambaza wa kukaanga, vile visamaki vya ziwa letu, waliofungwa kwenye karatasi, siwezi kuanza kula kabla sijaikunjua karatasi yote na kuisoma mbele na nyuma. Watoto wangu hunicheka. Husema Maman anakagua hata kilichofungia chakula, kazi imemwingia kichwani. Jumanne hii Idi alinipigia simu kutoka Kamembe kunialika kwenye arusi ya binti yake, na kabla hajataja hata saa ya kufungwa ndoa akaniambia, "Mwalimu, sambaza batakuwa bengi. Ukuje na lunette zako." Lunette ndiyo miwani, nami nilicheka mpaka nikashika meza. Idi hajaniita kwa jina langu, Vestine, hata siku moja tangu tujuane. Nilipoweka simu nilibaki hapo hapo jikoni, maharagwe yakishika chini ya sufuria, nikajiona nina furaha ya ajabu, furaha ya mtu aliyekumbushwa kwamba aliwahi kuwa mpumbavu na akanusurika. Arusi ni Jumamosi. Nimeamua kuandika habari za mwaka ule wa kujuana kwetu sasa, kabla hatujakutana, kwa sababu najua tukishakaa meza moja kila mtu ataivutia hadithi upande wake, na Idi ana mikono yenye nguvu kuliko sisi wote.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilikuwa nimeacha kazi. Nilikuwa nikifundisha darasa la pili huko Nyakabuye, kazi ya heshima, mpaka siku nilipoona tangazo kwenye mlango wa ofisi ya sekta. Chuo kikuu kimoja cha ng'ambo kilikuwa kimeungana na chuo cha kwetu, na kwa pamoja walitafuta watu kumi na wawili wa kufundishwa, kwa mwaka mmoja, kutengeneza dawa. Siyo kuuza dawa, siyo kumwandikia mgonjwa dawa. Kuitengeneza, tangu unga mpaka kidonge. Nililisoma tangazo lile mara tatu. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba kidonge hutengenezwa na mtu. Kwangu vidonge vilikuwa vitu vinavyofika tu, kwenye maboksi, vikitoka mbali. Mkuu wa shule aliniambia waziwazi kwamba nikiondoka nafasi yangu itachukuliwa wiki hiyohiyo, na kweli ilichukuliwa. Siku ya kwanza Kamembe tulitia sahihi kanuni za mafunzo, na ya tatu ilisema hivi: atakayeonekana ameandika jambo lisilo kweli kwenye kumbukumbu za dawa ataondolewa siku hiyohiyo. Nilitia sahihi yangu nzuri kuliko za wote bila wasiwasi wowote. Mimi na uongo tulikuwa wapi na wapi?

Darasa letu lilikuwa ghala la zamani la kahawa, upande ule mji unapoteremka kuelekea ziwani. Walikuwa wamelipaka rangi nyeupe mara mbili tatu, na bado mvua ikinyesha kuta zilitoa harufu ya kahawa mbichi. Ndani walikuwa wamegawa vyumba vinne: cha kubadilishia nguo, cha mizani, cha kuchanganyia na kukaushia, na cha mwisho, kidogo kuliko vyote, chenye mashine ya vidonge. Mashine yenyewe ilikuwa nzee, imetoka kwenye maabara ya chuo cha ng'ambo, na ilifyatua kidonge kimoja kimoja, tak, tak, tak, kwa sauti ambayo nikifumba macho bado naisikia. Tuligawanywa vikundi vya watu watatu watatu. Mimi nilipewa Idi, mtoto wa fundi bati wa hapo Kamembe, kijana mweusi tii mwenye kofia ya kufuma, ambaye alikuwa akiweka sikio kwenye mashine na kukuambia inaumwa wapi. Na nilipewa Furaha, mama wa watoto wawili kutoka Muganza, ambaye mume wake alifanya kazi ya zamu kwenye kiwanda cha saruji. Kila Jumatatu Furaha alikuja na vumbi la saruji kwenye nywele, na kila Jumatatu alirudishwa mlangoni akaoshe kichwa. "Hii vumbi njo inanilishia batoto," alikuwa akisema huku akijimwagia maji, "sasa leo imekuwa mubaya?"

Aliyemrudisha alikuwa Professa Margareta. Alitoka kaskazini ya Ulaya, mwanamke mrefu mwenye viatu vya kiume, na alikuwa amefundisha Tanzania miaka mingi kabla ya kutumwa kwetu, kwa hiyo alisema Kiswahili, tena kile cha redio. Sisi tuliolelewa Bukavu, upande wa pili wa mpaka, kama mimi, au hapo Kamembe, tulikisikiliza kwa heshima, kisha tukamjibu cha kwetu. Alikuwa na msemo mmoja aliourudia kila asubuhi kabla hatujavaa makoti: "Kisichoandikwa hakikufanyika." Ukipima unga, andika. Ukiosha chombo, andika. Kila dawa ina fiche yake, yaani kitabu chembamba chenye nafasi za kujaza kila hatua: nani amefanya, saa ngapi, namba gani imesomeka. Tulimwelewa vizuri sana, au tulidhani tumemwelewa. Mimi nilimwelewa kuliko wote, kwa sababu nilikuwa mwalimu, na maandishi ndiyo yalikuwa fahari yangu. Masista walionifundisha walinipiga vidole kwa rula mpaka herufi zangu zikasimama mstari mmoja kama watoto kwenye paredi, na Nyakabuye wazazi waliniomba niwaandikie hata kadi za arusi. Kikundi chetu kilipoambiwa kichague mwandishi, Idi na Furaha walinisogezea kalamu tu.

Chakula cha mchana tulikula kwa Maman Zaituni. Alikuwa mjane wa Kiislamu, mnene, mwepesi wa maneno, aliyekaanga sambaza chini ya ubaraza mkabala na ghala letu na kuwafunga kwenye karatasi pamoja na pilipili na kipande cha limao. Ukitaka bugali wa muhogo alikuwa nao, na Ijumaa alipika wali wa mchele wa Bugarama ambao harufu yake ilitusumbua tangu saa nne. Pale ndipo tulipoujua mji. Wanunuzi walisimama wakila na kutusema mbele yetu, maana waliona makoti meupe wakadhani hatusikii. "Bale njo banafundishwa kutengeneza dawa," mmoja angesema. "Hapa Kamembe? Bataanza na ya mbuzi kwanza." Na Maman Zaituni angemjibu, "Weye utakuwa wa kwanza kuikunywa, mbuzi weye." Nilimpenda sana mama yule. Kwa kuwa karatasi ilikuwa shida yake ya kila siku, nilizoea kumpelekea madaftari ya zamani niliyotoka nayo Nyakabuye, na kila karatasi niliyomaliza kuitumia.

Sasa nifike penyewe. Mtu aliyesoma kama tulivyosoma sisi anajua kwamba hakuna kazi inayoandikwa mara moja. Kwanza unaandika brouillon, karatasi ya fujo, yenye kukatakata na hesabu pembeni. Ukimaliza unakaa, unanawa mikono, unachukua kalamu nzuri, unaiandika upya kwenye daftari, safi, bila doa. Mwalimu anasahihisha ile safi, tuliyoiita propre. Brouillon haina thamani, na mtoto anayemletea mwalimu brouillon anachapwa kwa kukosa adabu. Nilifundishwa hivyo, nami nilifundisha watoto wa watu hivyo. Kwa hiyo tulipofika kwenye kazi yetu ya mtihani, vidonge vya zinki vya watoto wenye kuhara, nilifanya kwa heshima yangu yote. Siku tatu Furaha na Idi walinitajia namba kwa sauti, nami nikaziandika kwenye karatasi zilizochanwa daftari la hesabu, karatasi tisa, nikazipa namba kwenye kona. Alasiri ya siku ya tatu nikaketi, nikanawa mikono, nikahamishia yote kwenye fiche kwa wino wa bluu. Halafu nikavuka barabara nikampa Maman Zaituni zile tisa.

Professa alikuwa Kigali siku hizo. Aliporudi alichukua fiche yetu, akaifungua akiwa amesimama, akafunua ukurasa, akafunua mwingine, kisha akaketi. "Vestine, mwandiko huu ni wako?" "Ni wangu, Professa," nilisema, na nakiri kichwa kilikuwa kimenivimba. Akauliza, "Siku tatu. Hakuna kosa hata moja? Hakuna tone la maji? Kalamu ileile, mkono uleule, kama umeandika yote kwa saa moja?" Nikamjibu kwa fahari kwamba ndiyo, niliandika yote kwa saa moja, tena kidogo chini ya hapo. Uso wake ulibadilika. "Na ulichoandika mwanzo, wakati wa kazi, kiko wapi?" Nikasema ni brouillon tu, nimeitoa. Alivua miwani. "Basi hii," alisema polepole, akiweka kiganja juu ya maandishi yangu mazuri, "ni uongo." Sikuwahi kuitwa mwongo maishani mwangu. Nilisikia masikio yakipata moto, na Kiswahili cha heshima kikanikimbia. "Miye siko muongo, Professa! Nilifanya propre juu ya kukuheshimia!" Hakupandisha sauti. Alisema ripoti inakwenda chuoni kwake Ijumaa, na leo ni Jumatano. Kama karatasi za kwanza zipo, fiche ni hizo. Kama hazipo, hana namna ya kunitetea mbele ya kanuni ya tatu.

Nilitoka pale. Nje, mbele ya Idi na Furaha, ndipo nilipolazimika kusema lile ambalo sikuwa nimemwambia Professa. Kunakili kulikuwa desturi, sikuona haya. Lakini siku ya pili, wakati chembechembe za unga wa dawa zikikauka kwenye kabati la moto, fyuzi iliungua. Kabati lilitakiwa kukaa kwenye nyuzi sitini. Idi aliitengeneza fyuzi kwa dakika arobaini akitumia waya na bisibisi ya baba yake, na wakati huo wote Furaha alinisomea kipimajoto kikishuka, hamsini na tano, hamsini, mpaka chini kabisa, arobaini na tatu. Niliziandika namba hizo kwenye karatasi ya sita. Nilipokuja kunakili, zilinitia kinyaa. Sitini, sitini, halafu ule mporomoko katikati ya ukurasa. Niliona lile lilikuwa kosa la umeme, siyo letu, na kwa nini kosa la umeme lichafue kazi yetu? Nikaandika sitini kote. "Mwalimu," Furaha akasema, "ile haiko propre. Ile ni ingine kintu."

Maman Zaituni tulimkuta akipepea moto. Hakuuliza maswali mengi. Aliinua jiwe lililokandamiza karatasi zake, akazipekua kwa vidole vya mafuta, na tano zilikuwamo. Nne zilikuwa zimeshakwenda na wateja. Nami namshukuru Mungu kwa kichwa cha mama yule, kwa sababu aliwakumbuka mmoja mmoja, na walichokula. "Moja nilifungia bale bamaman ba couture. Ingine, ule motari wa kofia nyekundu, analombaka pilipili mingi. Ingine, sentineli wa depo. Na Saidi, coiffeur, aliongezewaka limao." Tukagawana mji. Kwa mafundi cherehani nilikuta karatasi ya pili imewekwa chini ya birika la chai, ina duara la maji katikati. Furaha alimsimamisha yule mwendesha pikipiki barabarani, akamvua kofia, na ya nne ilikuwa imekunjwa ndani yake kuzuia jasho. Ya nane mlinzi alikuwa ameitandika kwenye kiti. Idi alikwenda peke yake kwa kinyozi Saidi, ambaye ni mtoto wa shangazi yake, akakawia, akarudi mikono mitupu. Iliyokosekana ilikuwa ya sita.

"Haiko," Idi alisema. Alikuwa akitazama viatu vyake. "Iliishaka kutupwa. Mwalimu, sikiliza. Hii ni Mungu. Patia Professa nane, sema ya sita ilipotea. Kwa ile ya sita atabakia na propre yako, ile tu. Hakuna muntu atajua." Furaha akasema njia ya mwongo ni fupi. Idi akamjibu kwamba fupi au ndefu, mwalimu hana kazi nyingine ya kurudia. Walianza kugombana katikati ya barabara kwa ajili yangu, na mimi nikasimama na karatasi nane zinazonuka samaki kifuani, nikiona kwamba wote wawili wanasema kweli. Niliwaambia nitafikiri. Ukweli ni kwamba nilikwisha kufikiri. Nilikuwa nimekata shauri kunyamaza, na moyo wangu ulikuwa umeshaanza kutulia.

Nilipanga chumba kwa Maman Odette, nyuma ya soko, chumba chenye dirisha moja ambalo ukisimama juu ya sanduku uliona kipande cha ziwa. Ukuta kati yangu na wao ulikuwa wa mbao, kwa hiyo nililijua hata jina la ng'ombe waliyemuuza walipohama. Jioni ile, kabla jua halijazama, nilikuwa nakula sombe, yaani kisamvu, iliyobaki mchana wakati mtoto wao mdogo, aliyekuwa akiharisha tangu juzi, alipoanza kulia. Maman Odette alikuwa akimyeyushia kidonge kwenye kijiko, na mama mkwe wake alikuwa akimuuliza maswali. "Hii dawa, unajua nani aliitengeneza?" "Siyue, Maman. Ilitoka mbali." "Sasa unajua namna gani iko muzuri?" Nikasikia kijiko kikigonga kikombe. "Imeandikwa hapa ku boksi. Bale bantu banaandikaka kila kintu." Bibi akauliza tena. "Na kama banaandika bongo, banadanganya?" Maman Odette akacheka, kicheko cha mtu asiyekuwa na shaka hata chembe. "Ah, Maman! Muntu gani anaweza danganya mutoto mugonjwa?" Mtoto akameza, akatapatapa, akanyamaza. Mimi niliweka sahani chini. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena tangu siku ile, na sombe ile sikuimaliza.

Kesho yake asubuhi, kabla ya makoti, nilisimama mbele ya darasa zima, maana nilijua nikimwita Professa pembeni nitapata nafasi ya kujipunguzia. Nikampa karatasi nane. Nikasema ya sita imepotea, na kwamba ndiyo iliyokuwa na fyuzi, na kwamba zile sitini za nakala safi nimezitunga mimi, Idi na Furaha hawakujua. Nikasema nilivyokumbuka: dakika arobaini, chini kabisa nyuzi arobaini na tatu. Professa alizipokea karatasi zile kwa ncha za vidole, akazinusa, akauliza mbona zinanuka samaki. Hakuna aliyethubutu kucheka. Ndipo akauliza swali lililonipa maisha yangu, ingawa nadhani alikuwa akijiuliza mwenyewe. "Nielezeni hii brouillon. Ni nani mwingine hapa anaandika kwanza pembeni, halafu ananakili?" Furaha akainua mkono. Idi akainua. Halafu mmoja wa nyuma, na mwenzake, na wengine, mpaka mikono kumi na mmoja ikawa juu, na wa kwangu haukuwa na haja. Darasa zima. Miezi minane alikuwa akitusomea fiche zetu za mazoezi na kutusifu kwa usafi.

Professa aliketi juu ya meza ya mizani, jambo ambalo alilikataza kwa kila mtu. "Miezi minane," alisema, "nimewaambia muandike, sikuwauliza mmefundishwa kuandika vipi. Kosa hilo ni langu, nitaliandika hivyo kwenye ripoti." Kisha akanigeukia. "Lakini zile sitini, Vestine, ni zako." Nikasema ndiyo, ni zangu. Alisema kama angekuwa na karatasi yenyewe ya sita pengine angeweza kuvitetea vidonge, lakini kwa kumbukumbu ya kichwani hawezi, kwa hiyo vyote vitateketezwa na kikundi chetu kitaanza upya. Kanuni ya tatu hakuitumia kwangu. Alisema kanuni ile iliandikwa kwa mtu anayeonekana, siyo kwa mtu anayekuja mwenyewe. Siku iliyofuata tulivipeleka vidonge vyetu kwenye tanuri la hospitali, ndoo mbili, na Idi alivimimina mwenyewe bila kusema neno, yeye ambaye hakujua kunyamaza. Nilidhani anaomboleza kazi ya mikono yake.

Wiki zilizofuata zilikuwa nzuri kuliko zote za mwaka ule, na sijui kama nitaweza kueleza kwa nini. Tulijifunza kuandika tena, watu wazima kumi na wawili. Ukikosea, hufuti, huchani karatasi. Unapiga mstari mmoja, kosa libaki linasomeka chini yake, unaandika iliyo sahihi, unatia sahihi na tarehe. Mkono wangu ulikataa kabisa. Mara ya kwanza kupiga mstari ule machozi yalinitoka, na Furaha akanicheka mpaka akakaa chini. Fiche yetu ya pili ilikuwa mbaya kwa macho, ina mistari, ina doa la jasho, ina mahali Idi aliandika "nimechoka" kisha akalipigia mstari akatia sahihi. Ilikwenda ng'ambo na vidonge vyake, ikarudi imekubaliwa. Maman Zaituni alisherehekea kwa kutugawia sambaza bure, kisha akalalamika kwamba tangu siku hizo hapati tena karatasi kwangu. Tangu mwaka ule nimefanya kazi ya kukagua ubora wa dawa, kwanza Kigali na baadaye mahali pengine, na vijana wengi wamepita mikononi mwangu. Siku ya kwanza huwauliza swali moja tu: shuleni, mliandika mara ngapi?

Niliyoandika mpaka hapo niliyaandika kabla ya arusi. Leo ni Jumapili, nimerudi, miguu imevimba kwa kucheza. Tulikuwa saba kati ya wale kumi na wawili. Furaha sasa ni bibi, nywele nyeupe, na nilimwuliza kama hiyo ni saruji. Maman Zaituni hayupo tena, Mungu amrehemu, lakini binti yake ndiye aliyekaanga, na sambaza walikuja kwenye karatasi kama zamani. Nilipokaa kuikunjua yangu kuisoma, Idi alikuja akaketi kando yangu na kanzu yake nyeupe. Alikuwa na kopo la bati, lile la bisibisi za baba yake. "Mwalimu," alisema, "binti yangu anaoa— hapana, anaolewa, ona hata kinywa inakataa. Nataka leo nikuwe muntu safi." Akafungua kopo. Ndani kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, ya njano, yenye doa kubwa la mafuta, na kwenye kona yake namba sita kwa mkono wangu.

Saidi alikuwa nayo siku ile. Idi aliikuta juu ya kioo cha kinyozi, akaisoma, akaiweka mfukoni ili nisifukuzwe. Na kesho yake niliposimama mwenyewe mbele ya wote, hakuweza kuitoa bila kujitoa yeye. "Bile bidonge bilichomwa juu yangu," alisema. "Karatasi iko mu mfuko, na miye njo nilimimina. Miaka yote hii ninasema nitakuambia, ninaogopa." Mzee mzima mwenye wajukuu njiani, machozi yanamtoka kwenye arusi ya mtoto wake. Nilimshika mkono. Sikumkasirikia hata kidogo, nilimpenda zaidi, na nilimwambia hivyo. Aliificha kwa wema, kama mimi nilivyoandika sitini kwa heshima. Kisha nikavaa miwani nikaisoma karatasi yangu, na hapo ndipo moyo uliponishtuka. Hamsini na tano, hamsini, arobaini na nne, na chini kabisa, kwa penseli iliyokandamizwa, thelathini na nane.

Thelathini na nane. Miaka yote nimesema arobaini na tatu. Nilimwambia Professa hivyo mbele ya darasa, nikiamini nasema kweli tupu, na nimewaambia vijana wote niliowafundisha, na kichwa changu kilikuwa kimeshanisafishia nyuzi tano bila kuniuliza. Idi aliniuliza kama nitaiandika upya hadithi hii, maana nilikuwa nimemwambia ninaiandika. Nilimwambia hapana. Kwa hiyo wewe unayesoma, rudi pale juu nilipoandika arobaini na tatu. Sikufuta. Piga mstari mmoja, ile ya zamani ibaki inasomeka, na kando yake uandike thelathini na nane. Sahihi ni yangu, Vestine, Jumapili, siku ya pili ya arusi. Doa la mafuta lililo kwenye ukurasa huu ni la sambaza, na nimeliacha.